Klorokwini Ilimuwasha Kaka, Mimi Nikalala

Hotuba hii niliitoa Lindi mjini mbele ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu na wazazi. Nimeiandika kutoka kwenye karatasi zangu na kumbukumbu. Pale mliponikatiza nimepaacha palivyokuwa.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Nimepewa dakika arobaini, na nimeona masufuria ya pilau yakipitishwa pale nyuma, kwa hiyo najua nashindana na nani.

Niwaulize. Nani humu ndani amewahi kumeza klorokwini? Inueni mikono. Naam. Mnaona vijana wanavyotushangaa? Nyie mmekuta dawa mseto. Sisi wengine tumekulia kwenye klorokwini, ile chungu inayokaa ulimini mpaka kesho yake, hadi ilipoachwa mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vya malaria vilikuwa vimeshaizoea. Sasa nyie mlioinua mikono: nani ilimuwasha? Mzee pale kainua yote miwili.

Basi nimekulia Newala. Mwaka mmoja mimi na kaka yangu tuliugua homa wiki moja. Mama akatupa klorokwini kutoka karatasi ileile, kila mtu kwa umri wake. Usiku kaka hakulala. Ilianzia viganjani, ikapanda mikononi, ikafika kichwani kwenye nywele. Alijikuna kwa kucha, kucha zikachoka, akaingia jikoni akachukua gunzi la mahindi, akawa anajisugua mgongo kama mtu anayekuna nazi. Akataka amwagiwe maji. Maji Newala siku zile tulinunua kwa ndoo. Mama akasema ndoo ni moja, na ni ya uji. Asubuhi akapewa Piriton, ikamlaza mpaka adhuhuri. Mimi usiku huo nililala fofofo, na kaka mpaka leo anadai nilikuwa natemea vidonge uvunguni.

Sikutema. Mama mmoja, baba mmoja, dawa moja, yeye imemuwasha na mimi haikuniwasha. Nimekuja kusomea ufamasia, nimekaa dirishani nikigawa dawa kwa miaka mingi, na kila nikisoma utafiti mpya kuhusu kumtibu mtu kwa namna ya mwili wake mwenyewe, narudi kwenye lile gunzi.

Ngoja nilieleze kwa korosho, maana humu ndani asiyejua korosho ni mgeni. Chukueni wabanguaji watatu, kila mmoja mpe debe lake. Wa kwanza saa nne kamaliza. Wa pili anamaliza jioni. Wa tatu usiku unaingia debe bado limejaa, na wewe kesho asubuhi unamletea debe jingine. Siku ya tano hana pa kukaa, korosho zimemzunguka mpaka mlangoni. Ini la mtu lina wabanguaji wa namna hiyo, wanaitwa vimeng'enya, na kazi yao ni kuivunjavunja dawa ili itoke mwilini. Kasi yao umerithi kwa wazazi, imeandikwa kwenye vinasaba vyako. Mwenye wabanguaji wa polepole, dozi ya kawaida inamrundikia dawa mwilini mpaka inamdhuru. Mwenye wa haraka, dawa inaisha kabla haijafanya kazi. Na vidonge kwenye pakiti ni vilevile kwa wote wawili.

Mnaotoka CTC, kliniki za VVU, mnaikumbuka efavirenzi, ile dawa ya VVU ya kumeza usiku. Mtu mzima alipewa miligramu 600, awe nani, awe wapi. Wengi walienda nayo vizuri. Wengine iliwaletea kizunguzungu cha mlevi asiyekunywa, na ndoto. Kuna dada alinijia dirishani akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, hii dawa inaniitia watu usiku." Alikuwa ameshaambiwa kwenye kituo kimoja kwamba hana nidhamu ya dawa. Na mimi, kijana niliyetoka chuo, nilimwambia azoee. Nilimwambia azoee! Leo nisingemjibu hivyo. Mbanguaji mkuu wa efavirenzi ni kimeng'enya kiitwacho CYP2B6, na aina yake ya polepole imeenea sana kwetu Waafrika. Profesa Collen Masimirembwa na wenzake kule Zimbabwe walipima damu za wagonjwa wakaonyesha kwamba wenye aina hiyo dawa inawajaa mwilini kupita kiasi, na kwamba wangetosheka na dozi ndogo zaidi. Yule dada hakukosa nidhamu. Debe la tano lilikuwa limefika mlangoni.

Na msidhani Mwafrika ni mmoja. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia, dawa hiyohiyo, dozi hiyohiyo. Watanzania walikutwa na kiwango kikubwa zaidi cha dawa kwenye damu kuliko Waethiopia. Ukigeukia kodeini, ile ya maumivu na kikohozi, mambo yanapinduka. Kodeini yenyewe ni kama korosho yenye ganda, haina kazi mpaka ini liibangue itoke mofini. Mwaka 1996 Eleni Aklillu na wenzake walikuta Waethiopia 29 kati ya kila 100 wana nakala za ziada za kinasaba cha mbanguaji wa kodeini. Kwa mtu kama huyo kidonge kidogo kinaweza kugeuka mofini nyingi ghafla, na mofini nyingi inazima pumzi. Ethiopia ikaipiga marufuku kodeini mwaka 2015. Ndiyo maana mkinisikia nagomba mtu anayemnywesha mtoto dawa ya kikohozi ya mkubwa, sigombi kwa ajili ya bei.

Efavirenzi kwetu imepisha dolutegraviri kuanzia mwaka 2019, na ndoto zimepungua. Lakini wanaomeza isoniazidi ya kifua kikuu bado wapo, na wenye kuibangua polepole bado wanapata ganzi ya miguu. Ndiyo kazi ya kile kidonge kidogo cha vitamini B6 mnachopewa pamoja nayo. Kimezeni. Nawajua mnaokiacha kwenye kabati.

Sasa nije kwenye damu, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu zisipasuke zikikutana na kemikali kali. Baadhi yetu tumezaliwa nacho kidogo, wanaume zaidi, kwa kuwa kinasaba chake kiko kwenye kromosomu ya X na mwanamume anayo moja tu. Hana cha akiba. Anaishi, analima, anacheza ngoma, hajui, mpaka siku akutane na dawa fulani: anageuka njano, mkojo unakuwa kama Coca-Cola, damu inaisha. Jambo hili lilifumbuliwa mwaka 1956 Marekani, kwenye majaribio ya dawa ya malaria iitwayo primakwini waliyofanyiwa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois. Waliopasuka chembe walikuwa zaidi wafungwa weusi. Majaribio juu ya mfungwa ni habari yenye uchafu wake, lakini elimu ilitoka humo na leo inatulinda.

Ilitulinda kwa kuchelewa. Ilikuja dawa moja ya malaria iitwayo Lapdap, ya bei nafuu, iliyolengwa Afrika hasa, na moja ya sehemu ilikojaribiwa ni Muheza, Tanga. Iliua vimelea vizuri. Ila ndani yake ilikuwa na dapsoni, na watoto wenye upungufu wa G6PD damu zao zilishuka vibaya. Ikaondolewa sokoni mwaka 2008. Niliposoma habari zake niliweka karatasi chini. Ilikuwa dawa nzuri kwa ugonjwa na mbaya kwa baadhi ya wagonjwa, na ile kasoro ya G6PD ilikuwa inajulikana kwa nusu karne.

Hapa mzee mmoja wa safu ya mbele akasimama bila kuomba ruhusa, kama ilivyo haki ya wazee: "Mwanangu, kwa hiyo unatuambia damu zetu ni mbovu?"

Hapana, babu. Kaa nikueleze. Upungufu huo umeenea kule kwenye malaria, kwa sababu uliwapa wenye nao kinga fulani. Sikoseli vivyo hivyo: mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kuchunguza damu za watu wa Afrika Mashariki, alionyesha kwamba anayerithi kinasaba cha sikoseli kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria kali. Mbu wa pwani hii walichagua nani abaki, babu, na wewe umebaki. Damu yako si mbovu. Ni kwamba vipimo vingi vimetungwa kwa kutazama damu za watu wengine.

Mfano uko hapohapo kliniki ya kisukari. Kuna kipimo cha HbA1c, mnakiita cha miezi mitatu. Kinapima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu. Mwaka 2017 zilitoka tafiti zinazoonyesha kwamba kwa mtu mwenye kinasaba kimoja cha sikoseli, au mwenye upungufu wa G6PD, kipimo hicho kinaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Karatasi inasema sukari imetulia, kumbe haijatulia. Dawa yake haihitaji mashine ya ajabu: linganisha na kipimo cha kidoleni, na mwambie daktari kama kwenye ukoo wenu kuna sikoseli. Maneno hayo matatu, "kwetu kuna sikoseli", yanaweza kubadilisha namna anavyoisoma karatasi.

Kwenye saratani nitapita haraka, kwa kuwa watu wengi wanadhani tiba ya namna hii ni ya saratani peke yake. Siku hizi mama akichukuliwa kinyama kwenye titi, maabara haitafuti tu kama ni saratani. Inatafuta ina vipokezi vya homoni au haina, ina protini iitwayo HER2 nyingi au haina. Asiye na vipokezi, tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, haimsaidii. Mwenye HER2 nyingi, tangu mwaka 1998 kuna dawa yake. Jibu la kinyama likikuchelewesha, ndugu, livumilie na ulifuatilie. Kuanza dawa bila jibu hilo ni kufyatua gizani.

Turudi kwenye sikoseli, ndiyo iliyowaleta nusu yenu. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kwa mwaka wanaozaliwa nayo. Mmesikia redioni kwamba imepata tiba. Ni kweli. Novemba 2023 Uingereza, na Desemba Marekani, waliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Wanazitoa seli za uboho za mgonjwa, wanahariri kinasaba kiitwacho BCL11A ili mwili urudie kutengeneza damu ya aina ya mtoto aliye tumboni, kisha wanazirudisha. Kabla ya kuzirudisha wanausafisha uboho kwa dawa kali za saratani. Ni miezi ya hospitali. Na mwaka 2025, Philadelphia, mtoto mchanga aliyezaliwa na ini lisiloweza kusafisha amonia alitengenezewa dawa ya kuhariri kinasaba chake yeye, ya mtoto mmoja tu duniani, ndani ya miezi sita hivi. Niliposoma hilo nilisimama. Sitalipunguza ukubwa wake.

Lakini utafiti ninaoupenda kuliko zote si huo. Ni wa jirani, Kampala. Watoto 187 wenye sikoseli walipewa haidroksiyurea, kidonge kilichokuwepo siku nyingi. Kundi moja walipewa dozi ya kudumu, miligramu 20 hivi kwa kila kilo. Kundi la pili kila mtoto alipandishwa dozi yake kidogokidogo, huku akipimwa picha nzima ya damu, mpaka pale damu yake yeye ilipohimili; wakafika karibu miligramu 30. Waliopandishwa walipata maumivu machache, wakalazwa mara chache, wakaongezewa damu mara chache, na madhara hayakuzidi. Tofauti ilikuwa kubwa mpaka jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kumpa kila mtoto dozi ya mwili wake kulihitaji kidonge cha zamani, mashine ya picha ya damu, na mtu wa kuisoma na kuamua.

Na sisi huku tumeshalizoea jambo hili kuliko tunavyodhani. Mnakumbuka kingatiba ya mabusha na matende? Wahudumu mlibeba ubao wenye alama, mtu anasimamishwa ukutani kama anapimiwa suruali. Mwenye sentimita 90 mpaka 119 kidonge kimoja cha ivamektini, akifika 159 vinne. Watoto shuleni na prazikwanteli ya kichocho, hivyohivyo. Wale wafupi wanasimama kwa vidole vya miguu ili wasichekwe, na mwalimu anawagonga visigino warudi chini. Ubao ule unasema miili haifanani. Umeishia tu kwenye urefu. Utafiti wa leo unataka ubao unaofika mpaka kwenye ini na kwenye damu.

Tatizo ni nani kachora alama za ubao huo. Tafiti kubwa za kuunganisha vinasaba na magonjwa, karibu watu 78 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na asili ya Ulaya. Waafrika walikuwa kama 2. Mwaka 2020 mradi wa H3Africa ulisoma vinasaba vya watu 426 kutoka makabila 50 ya Afrika, na katika hao wachache wakakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazijawahi kuandikwa popote. Wenzetu wa kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele hawampi mkulima wa Tandahimba mche wa mkorosho kwa sababu tu ulizaa vizuri Brazili. Wanaupanda hapa kwanza, wanaangalia ubwiri unga utaufanyaje.

Na tukipimwa, faida haiendi kwetu peke yetu. Dawa mpya za kushusha lehemu zilizoidhinishwa mwaka 2015 zilitokana na kinasaba PCSK9, na kilichowaonyesha watafiti njia, mwaka 2005, ni Wamarekani weusi wa Dallas waliozaliwa na lehemu ya chini sana. Damu ya watu weusi ndiyo iliyofungua mlango, na dawa yenyewe muulizeni mfamasia wenu bei yake.

Jambo moja la kuudhi, kisha niwaachie. Kuna watu wanapita mitaani na kimashine cha kushika mkononi, wanakwambia kinapima mwili mzima kwa dakika moja, ini, figo, nyota, kila kitu, kisha wanakuuzia virutubisho. Kinasaba hakisomwi kwa kushika chuma. Kinasomwa kwa damu au mate, maabara. Hela hiyo nunua samaki.

Mnachoweza kufanya leo ni kuandika. Dawa ikikufanyia kitu, andika jina la dawa, si "vile vidonge vyeupe", andika siku, andika ilikufanya nini. Ukienda kituoni mwambie muhudumu akujazie fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa, ya kuripoti madhara ya dawa. Wahudumu, mnajua fomu hizo ziko wapi. Ziko chini ya kitu. Zitoeni.

Maswali yalikuwa mengi, na pilau ilishaanza kunukia. Mama mmoja kutoka Nachingwea aliuliza kama akiuza mikorosho yake yote anaweza kumpeleka mwanawe akahaririwe vinasaba. Nilimwambia bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, ukumbi ukaguna. Nikamuuliza mtoto anameza haidroksiyurea? Anameza. Kilo ngapi? Akasema alipoanza alikuwa na kilo 14, sasa amefika 21. Na dozi? "Ileile." Nikamwambia kabla hujauza hata mkorosho mmoja, Jumatatu nenda kliniki, mtoto apimwe uzito na picha ya damu, uwaulize dozi yake ni ya kilo ngapi.

Wakati watu wanasogea kwenye masufuria, bibi mmoja alinivuta shati. Alitoa kwenye mkoba daftari la hospitali, lile la kurasa 40, limefungwa kwa nailoni. Ni la mjukuu wake. Juu ya jalada, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa za mtu aliyesoma kisomo cha watu wazima, alikuwa ameandika: ASIPEWE SEPTRIN. NGOZI ILIBABUKA. MEI. Akaniuliza kama ameandika sawasawa. Nikamwomba aongeze mwaka.